Papa Simon Kimbangu na wenye kilio

 

Tarehe 12 ya mwezi wa 10 ni siku ya kukumbuka kufariki kwa Papa Simon Kimbangu. Kila mwaka tunasimulia miujiza ya Nkamba na mateso ya gereza, tunaimba, kisha tunarudi nyumbani. Safari hii tumeona vema kuyasimulia maisha yake kwa upande wa wenye kilio. Sababu tunayo. Sisi mashemasi tunaitwa kwenye kilio karibu kila juma. Leo ni kijana aliyefukiwa na udongo katika shimo la madini, kesho ni mama aliyefariki katika kuzaa, kesho kutwa ni mzee aliyengoja malipo yake ya mwisho ya kazi mpaka akafa nayo midomoni. Na karibu kila mahali, watu wakiisha kutoa pole, wanakwenda nyuma ya nyumba na kuanza kutafuta kwa sauti ya chini ni nani aliyemroga marehemu. Jambo baya zaidi ni hili: hata katikati yetu sisi wenye kuvaa kijani na nyeupe, kuna wanaomwambia mjane kwamba mume wake alikufa kwa sababu nyumba yake haikusali vya kutosha. Tumelisikia kwa masikio yetu, na yule mama hakurudi kanisani kwa muda mrefu.

Kwa hiyo twendeni pamoja mpaka Bas-Congo, ambayo leo inaitwa Kongo Central, kwenye kijiji cha Nkamba.

Papa alizaliwa Nkamba mwaka 1887. Baba yake aliitwa Kuyela na mama yake Luezi. Mama Luezi alifariki mtoto angali mdogo, na mtoto akalelewa na ndugu ya mama yake, aliyeitwa Kinzembo. Wengi wetu tukisimulia maisha ya Papa tunalipita jambo hili mbio mbio ili tufike kwenye miujiza. Lakini tulitazame kidogo. Nabii wetu alikuwa yatima. Kabla hajajifunza kusoma Biblia kwa misioneri Wabaptisti Waingereza, alikuwa amekwisha kujua nyumba isiyo na mama inakuwa namna gani wakati wa jioni. Na aliyemfariji hakuwa mchungaji wala shemasi. Alikuwa mama wa kijijini, aliyemchukua mtoto wa marehemu ndugu yake na kumlisha.

Alibatizwa pamoja na mke wake, Mama Mwilu Marie, tarehe 4 ya mwezi wa 7 mwaka 1915, kwenye misioni ya Ngombe Lutete. Mungu aliwapa watoto watatu wa kiume: Kisolokele aliyezaliwa mwaka 1914, Dialungana mwaka 1916, na Diangienda mwaka 1918.

Sasa inafaa kujua nchi ile ilikuwa katika hali gani. Bas-Congo ya siku zile ilikuwa nchi ya matanga. Wazee walikuwa wamebebeshwa mizigo ya wazungu vichwani kati ya Matadi na Leopoldville, na wengi walifia njiani. Ikafuata kazi ya njia ya reli, kuanzia 1890 mpaka 1898, nayo ikaua wengi. Ugonjwa wa usingizi ukamaliza vijiji vizima, mahali pengine zikabaki nyumba bila watu. Na mwaka 1918, vita kuu ya Ulaya ikielekea mwisho, homa kali ya mafua ikazunguka dunia yote na kufika mpaka kwenye vijiji vile. Watu walizika asubuhi, na jioni wakazika tena. Wakati huo walikuwa na namna mbili za kueleza kifo: kumtafuta mchawi katika jamaa, au kwenda kwa mganga ili nkisi ionyeshe mwenye kosa. Kwa hiyo kila kifo kilizaa chuki, na nyumba iliyopoteza mtoto ilipoteza na jirani pia.

Ni katika mwaka ule ule wa 1918 Papa alisikia mwito wa Bwana wa kulichunga kundi lake. Hakuitika. Alijiona kuwa mtu asiye na elimu ya kutosha, akaona kwamba wako wachungaji na walimu wanaofaa kuliko yeye. Mwito ulipozidi kumsumbua alikimbia, akashuka mpaka Kinshasa, akatafuta kazi kwenye kampuni ya mafuta ya mawese. Kazi ile haikumfaa, akarudi kijijini. Tunampenda Papa kwa mengi, lakini sisi mashemasi tunampenda na kwa hili pia, kwa maana tunamwelewa. Nani kati yetu hajapata kuchelewa kwa kusudi kwenda kwenye nyumba ya kilio, kwa kuogopa kwamba akifika hatajua la kusema?

Tarehe 6 ya mwezi wa 4 mwaka 1921 alikuwa katika kijiji cha Ngombe Kinsuka. Ndani ya nyumba moja alilala mwanamke mgonjwa sana, jina lake Kiantondo. Kanisa linashuhudia kwamba Papa aliingia, akasali, akamwekea mikono katika jina la Yesu Kristo, na yule mama akapona. Ndiyo siku tunayoihesabu kuwa mwanzo wa kazi, na tangu mwaka 2023 ni siku ya mapumziko kwa nchi yetu yote ya Kongo. Tuangalie kwamba kazi ile haikuanzia kwenye uwanja mbele ya makutano. Ilianzia kando ya kitanda, katika nyumba ya watu waliokuwa wakingoja kifo.

Habari ikaenea kama moto wa majani makavu. Katika majuma machache watu wakaja Nkamba kwa maelfu, toka Matadi, toka Thysville, toka Leopoldville, hata toka Angola ya Wareno na Kongo ya Wafaransa. Treni zilijaa. Wafanyakazi waliacha kazi zao, mashamba ya wazungu yakabaki bila mikono, vitanda vya hospitali vikawa vitupu kwa sababu wagonjwa walibebwa kwenda kwa nabii. Biblia na vitabu vya nyimbo vikatafutwa kuliko wakati wowote. Watu wakatupa minkisi yao barabarani na kuichoma moto. Papa aliagiza mambo matatu yanayojulikana mpaka leo: kuacha minkisi, kuacha ngoma na michezo ya aibu, na kuwa na mke mmoja.

Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo, ndugu. Tumezoea kusimulia waliopona. Lakini katika makutano yale walikuwapo na wengine. Watu walibeba wagonjwa wao siku nyingi kwa miguu, juu ya machela, na wako waliokata roho njiani. Wako waliobeba maiti za watoto wao mpaka Nkamba, kwa kuwa walisikia kwamba mtoto aliyekufa alifufuliwa pale. Na si wote waliopokea walichokitaka. Wako waliopona, na wako waliorudi kwao na maiti yao. Wasiotupenda wanalitumia jambo hili kutucheka, na kwa hiyo wahubiri wetu wengine wanalificha. Sisi tunaona hakuna sababu ya kulificha. Hata Bwana Yesu, kwenye birika la Betesda palipolala wagonjwa wengi, alimwinua mmoja.

Yule mzazi aliyerudi na maiti, je, alirudi bila kitu? Tulifikiri sana juu yake tulipokuwa tukiandika ukurasa huu. Ibada ya Nkamba haikuwa ya kuponya tu. Kulikuwa na sala, kulikuwa na mafundisho ya Neno, na kulikuwa na nyimbo nyingi, na wote waliokuja walikuwa ndani yake, aliyepona na asiyepona. Mzazi yule aliimba pamoja na watu wengi kuliko aliopata kuwaona maishani mwake. Na aliporudi kijijini alikuta minkisi imetupwa. Hakukuwa tena na mganga wa kumwonyesha kwamba mke wa mjomba ndiye aliyemla mtoto wake. Alibaki na huzuni yake, lakini huzuni ile haikuwa tena na jina la jirani ndani yake. Kwetu sisi hiyo si zawadi ndogo. Mwenye kuona kilio kikigeuka kuwa vita katika familia, na watoto wadogo wakifukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, kama tunavyoona katika miji yetu hii, huyo anajua thamani yake.

Serikali ya Wabelgiji iliogopa. Mkuu wa serikali aliyeitwa Morel alifika Nkamba mwezi wa 5, na tarehe 6 ya mwezi wa 6 akarudi na askari ili kumkamata Papa. Papa akaponyoka mikononi mwao, kijiji kikanyang'anywa mali. Kwa miezi mitatu alijificha katika vijiji huku akiendelea kuhubiri. Kisha, tarehe 12 ya mwezi wa 9 mwaka 1921, akarudi Nkamba mwenyewe na kujitoa. Aliwakataza watu wake wasipigane. Kazi yake ya wazi ilikuwa imedumu miezi mitano tu.

Alihukumiwa Thysville na baraza la kijeshi, pasipo wakili wa kumtetea. Tarehe 3 ya mwezi wa 10 ilitoka hukumu: viboko 120, kisha kifo. Misioneri kadhaa Waprotestanti waliandika kumwombea, nasi tunalisema bila haya, kwa maana si kila mzungu alikuwa adui. Mfalme Albert wa kwanza akabadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha. Papa akaletwa huku kwetu Katanga, kwenye gereza la Elisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi ya leo, zaidi ya kilometa 1500 toka Nkamba.

Siku ile ya pingu nyumba moja ilivunjika vipande vipande. Kisolokele alikuwa na miaka saba. Serikali ilimchukua, akasomea Boma, mbali na mama yake. Mama Mwilu alibaki na wadogo. Alikuwa mjane ambaye mume wake yu hai. Hakuna kilio kinachochosha kama hicho, kwa maana hakina siku ya kumaliza. Kwenye kilio cha kawaida, watu wanakuja, wanalala, wanapika bukari na sombe, siku zinatimia, matanga yanaondolewa, mjane anaoga na kuanza tena. Mama Mwilu hakupata siku ile. Alingoja miaka thelathini bila kumwona mumewe tena.

Wala hakuwa peke yake. Waumini walikamatwa, wakahamishwa pamoja na jamaa zao kwenda majimbo ya mbali. Kanisa letu linahesabu familia 37000 zilizohamishwa katika miaka ile. Wengine walipelekwa Oshwe, wengine Lowa, wengine Ekafera, kwenye misitu ambayo hawakujua lugha yake. Walizika watoto wao kule, katika udongo wa wageni.

Sisi wa Likasi hatuna haja ya kuelezwa maana ya jambo hili. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika mji huu. Maelfu walilala kwenye gare na katika mashule wakingoja treni, mwezi baada ya mwezi, na wengi walikufa pale pale kabla treni haijafika, watoto hasa. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule tulipita kando ya gare, na tuliona. Wako watu wazima katika parokia zetu leo ambao bado hawawezi kusikia mlio wa treni bila kunyamaza. Nao pia ni wenye kilio, ijapokuwa hakuna anayekwenda kuwapa pole.

Basi Mama Mwilu alifanya nini? Hakuwa na ruhusa ya kukusanya watu. Serikali ilimtazama kila hatua. Alikaa, akalima shamba lake, akalea watoto. Na watu wakamjia kwa siri. Walikuja wanawake ambao waume zao wamehamishwa, walikuja wazazi waliofiwa, walikuja vijana wenye kuogopa. Waliomba pamoja usiku kwa sauti ya chini. Kwa miaka ile yote kanisa lililokatazwa liliegemea juu ya mama huyu, aliyekuwa na mzigo kuliko wote waliokuja kufarijiwa. Tukifikiri vizuri, labda ndiyo sababu walimjia. Mtu aliyefiwa hamtafuti mwenye maneno mazuri. Anamtafuta anayeijua njia. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno. Walianza kuharibu walipofungua midomo ili kumweleza sababu.

Na Papa mwenyewe, huku Elisabethville? Habari za gerezani ni chache kuliko tunavyotaka. Tunajua kwamba kwa muda mrefu alikaa katika chumba cha peke yake. Baadaye alipewa kazi, na waliomjua walimkumbuka kuwa mpishi wa gereza, mtu mpole, asiye na ugomvi. Tunakiri kwamba neno hili la upishi linatugusa kuliko mengine mengi. Mtu ambaye maelfu walitembea siku nyingi ili aweke mkono juu yao, mkono ule ule ukakoroga chakula cha wafungwa. Hakuwa na uwanja tena, wala makutano, wala nyimbo. Alikuwa na chungu na moto, na watu waliofungwa kama yeye, wenye njaa kama yeye. Wamama wa parokia yetu wanaobeba makala na unga kwenda kwenye nyumba ya kilio, na ambao majina yao hayatajwi kamwe kwenye matangazo ya siku ya Mungu, na walikumbuke jiko lile.

Miaka ikapita. Mfalme aliyebadilisha hukumu yake akafa mwaka 1934. Vita vya pili vya dunia vikaanza na vikaisha. Shaba ya Katanga, pamoja na ile ya hapa kwetu, ambapo wakati huo paliitwa Jadotville, ikaendelea kutoka ardhini na kupanda treni. Treni zile zilipita Elisabethville, na mtu yule alikuwa bado ndani. Watoto wake wakawa watu wazima, wakapata kazi na kuoa. Dialungana alikaa karibu na mama yake, na Kisolokele na Diangienda walifanya kazi kwa wazungu huku wakiwatafuta waumini waliotawanyika na kuwaunganisha polepole.

Papa Simon Kimbangu alifariki Elisabethville siku ya Ijumaa, tarehe 12 ya mwezi wa 10 mwaka 1951, baada ya miaka thelathini ya kifungo. Aliuawa na ugonjwa wa kuhara damu. Mama Mwilu hakuwapo kando ya kitanda. Mtu aliyeingia katika nyumba ya Kiantondo na kusali kando yake, alikata roho mbali na kwake, akazikwa huku Katanga kama mfungwa. Wenye kusema kwamba mgonjwa asiyepona ni mtu ambaye hakusali, na watueleze kwanza kifo hiki. Sisi tumewauliza jambo hili kwenye kikao cha mashemasi, na mpaka leo hatujapata jibu.

Mama Mwilu aliishi miaka saba na nusu zaidi. Alifariki tarehe 27 ya mwezi wa 4 mwaka 1959. Miezi minane baadaye, tarehe 24 ya mwezi wa 12, usiku wa kuamkia Krismasi, serikali ya Wabelgiji ililitambua kanisa rasmi. Waliohamishwa walikuwa wakirudi, wengine na wajukuu waliozaliwa msituni, wengine peke yao.

Mwaka 1960, mwaka wa uhuru, kaburi la Elisabethville lilifunguliwa na mabaki ya Papa yakapelekwa Nkamba. Makutano makubwa yalimpokea. Katikati yao walikuwapo wazee waliofika pale mwaka 1921 wakiwa vijana, na wajane waliozika waume zao katika nchi za mbali, na watu waliozaliwa uhamishoni ambao hawakupata kuiona Nkamba kwa macho yao. Siku ile waliweza kulia kwa sauti, mchana, bila kumtazama askari. Kilio kilichongojewa tangu siku ya pingu kikafanyika, na wale waliobeba sanduku wakapanda nalo kilima cha Nkamba mpaka nyumbani. Mama Mwilu hakuwapo tena mlangoni kumpokea mume wake, bali watoto wake watatu ndio waliosimama mahali pake.